Mwalimu Pelagia Mugeta na Kitabu Kinachoanza na Mkaa

Tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Pelagia Mugeta anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Lugha Ghalani, hapa Manyamanyama, Bunda, kwa miaka thelathini na minne kamili. Aliingia tarehe 1 Julai 1991. Katika muda huo Kituo kimebadilisha wakuu watano, mapaa mawili na majina matatu, lakini yeye hakubadilishiwa hata cheo. Barua yake ya kustaafu, iliyotoka ofisini wiki tatu zilizopita, inamwita Mpishi Daraja la Pili. Niliisoma mara mbili nikidhani macho yangu yana kasoro.

Mimi ninayeandika ni Samwel Matiko, mpiga chapa wa Kituo. Mkuu wetu, Bwana Wenceslaus Maige, ameniagiza wasifu wa nusu ukurasa kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Alisema uwe mfupi, uchangamshe watu, na uishe kabla chakula hakijapoa. Nusu ukurasa haitoshi, ndiyo maana nimezipachika kurasa hizi ndani ya ratiba mliyoishika. Uchangamfu upo, mtauona, lakini hasira ndiyo nyingi, na sioni sababu ya kuificha wakati aliyofanyiwa mama huyu yalifanywa mchana kweupe, sisi sote tukiwa tumekaa.

Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji kimoja cha rasi ya Majita, kwenye nyumba ya wavuvi na wakulima wa muhogo. Alimaliza darasa la saba akiwa wa pili kwa wasichana, na hapo shule ikaishia, kama ilivyoishia kwa wengi wa umri wake. Alikuja Bunda kumsaidia dada yake aliyekuwa amejifungua, na mtoto aliposimama dede Pelagia akaanza kutafuta kazi. Kituo wakati huo kilikuwa kimehamia kwenye ghala la zamani la pamba, ndiyo maana ya jina lake, na kilihitaji mtu wa kuwapikia Waholanzi waliokuja kujifunza Kiswahili kabla ya kwenda kufanya kazi katika hospitali na parokia za mkoa huu.

Wageni wale walimpa kazi. Asubuhi walikula mkate, jioni wakaulizia mkate tena, naye akawa anawahurumia akidhani kwao hakuna kingine. Mmoja aligoma kula furu wa kuchoma kwa sababu samaki alikuwa anamtazama. Mwingine alimwaga sukari kwenye dagaa akidhani ni chumvi, akawala wote kwa adabu, kisha akaomba aandikiwe namna ya kuwapika. Mwalimu Pelagia anapenda sana kuisimulia hii, na wenye bahati ya kukaa meza moja naye leo wamwombe aisimulie.

Masikio yake nayo yalikuwa kazini. Chapati zake za maji wageni waliziita pannenkoek. Yeye akalirudia neno hilo kwa ulimi wa Majita, akaweka uzito katikati, panNENkoek, wakacheka, wakamrudishia wakiukaza mwanzo, PANnenkoek. Mtu mwingine angeona haya akaacha. Yeye alichukua daftari la manunuzi ya jikoni, akaligeuza nyuma, akaliandika neno, akachora mstari pale linapoungana na nukta juu ya silabi nzito. Lilikuwa la kwanza. Alipofunga daftari la mwisho yalikuwa maneno elfu nne mia sita na kumi na mawili.

Kwa ambao hamjapita darasani kwake, nieleze kidogo. Waholanzi wanapenda kuunganisha maneno. Wakitaka kusema hospitali huchukua neno la wagonjwa na neno la nyumba, wakayabandika yakawa moja, ziekenhuis. Sisi tuliozoea Kiswahili tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, siku zote, hata usingizini. Basi tukikutana na neno lile tunasema zieKENhuis, na Mholanzi anabaki ametukodolea macho. Kwao uzito karibu kila mara hukaa kwenye neno la mbele, ZIEkenhuis. Halafu kuna kukata. Tandarts ni daktari wa meno, na ulimi wetu unataka kulikata tan-darts. Ni kosa. Kwanza unakata kwenye kiungo, tand na arts, jino na daktari, ndipo unapoendelea na silabi nyingine kama zipo. Mambo haya mawili, pa kukata na pa kukaza, yamewaangusha wauguzi wa mkoa huu kwenye mtihani wa kuzungumza Kiholanzi kuliko mengine yote.

Alivyoyakusanya maneno hayo ndiyo kazi ninayotaka muijue. Neno halikuingia daftarini mpaka limetamkwa na wageni watatu wasiokaa meza moja. Aliwatega kwa chai. Mgeni akija kwenye dirisha la jikoni anaonyeshwa kitu, pipa la taka au kitambaa cha kushikia sufuria ya moto, anaombwa akitaje, kisha anapewa kikombe chake. Watatu wasipokubaliana, neno linasubiri wageni wa mwaka unaofuata. Liko moja lililosubiri miaka minne. Yale yanayokwenda kinyume, yenye uzito nyuma, kama stadhuis, jengo la halmashauri ya mji, au boerenkool, mboga yao inayofanana na sukuma wiki, aliyaandika kwa kalamu nyekundu na kuyaita wakorofi. Wako sitini na watatu. Huo ndio utafiti wa mtu wa darasa la saba, na nimeshapiga chapa tafiti za watu wenye vyeo zikiwa na mashahidi wachache kuliko hao.

Mwaka 2004 Kituo kilianzisha darasa la Kiholanzi kwa wauguzi wetu wanaokwenda kusoma Uholanzi mwaka mmoja. Mwalimu Mholanzi alikaa miaka miwili, akarudi kwao kumuuguza mama yake, na wanafunzi kumi na mmoja wakabaki wanatazama ubao. Mkuu wa wakati huo akamwomba Pelagia awashikie kwa muda. Muda wenyewe umekuwa miaka kumi na tisa. Saa mbili hadi saa nne asubuhi alikuwa darasani, na saa nne na dakika tano alikuwa jikoni anachambua mchele. Hakuna aliyewahi kumpa barua ya kazi hiyo ya pili. Wanafunzi walimwita Mwalimu, orodha ya watumishi ikaendelea kumwita Mpishi, na kila mkuu mpya aliambiwa jambo hili akaahidi kulishughulikia.

Siku ya kwanza aliingia darasani na kuku aliyenyonyolewa na kisu cha jikoni. Alimweka mezani, akauliza nani anaweza kumkata paja bila kuvunja mfupa. Wauguzi wale wanajua miili, wakaonyesha maungio upesi. Akawaambia neno la Kiholanzi nalo lina maungio, na atakayekata katikati ya mfupa atapata vipande visivyoliwa. Somo lilipoisha alimchukua kuku wake akaenda kumkaanga, wakamla mchana, na hakuna aliyesahau.

Kwa mkazo alileta kinu na michi miwili kutoka Majita, vile vya kutwangia muhogo mkavu. Wanafunzi walisimama wawiliwawili. Wa kwanza anapiga kwa nguvu akitamka neno la mbele, wa pili anagusa tu akitamka la nyuma. Mwalimu wa Kiingereza wa chumba cha jirani aliandika barua ya kulalamikia kelele. Baada ya wiki tatu alikuja mwenyewe, kwa upole, kuazima kinu.

Kati ya waliotwanga kinu kile yumo Debora, muuguzi wa Buhemba, kule Butiama kwenye machimbo ya dhahabu. Debora alikuwa akipokea wachimbaji walioungua hadi mfupa huku hana ujuzi wa kutosha kuwasaidia, akapata nafasi ya kusomea matibabu ya majeraha ya moto Uholanzi. Kwenye mtihani wa kuzungumza akaanguka mara mbili. Chumba cha kusubiria, wachtkamer, alikiita wachtKAmer, na dawa ya maumivu, pijnstiller, akaiita pijnSTILler, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Jaribio la tatu ndilo lilikuwa la mwisho kuruhusiwa. Alikuja kulia kwenye benchi la jikoni, Mwalimu akamwacha alie mpaka amalize, kisha akampa mchi. Walitwanga wiki sita. Debora alifaulu, na mtahini akamuuliza alifundishwa na Mholanzi wa sehemu gani. Alijibu kwamba alifundishwa na mama wa Majita. Leo Debora ndiye anayefundisha wengine kutibu majeraha ya moto huko kwao, na wapo wachimbaji wanaotembea kwa sababu yake.

Sasa nafika kwenye kitabu, na hapa uchangamfu unaniishia.

Yale maneno yaliandikwa kwenye kaunta buku kumi na moja, zote ninazijua kwa rangi na kwa madoa ya mafuta. Nilianza kuyapiga chapa mwaka 2012, na kila Alhamisi alasiri nilikwenda jikoni kuuliza nukta hii iko juu ya silabi ipi, mstari huu umekata wapi. Alikuwa mkali. Aliweza kuona nukta iliyohama kutoka upande wa pili wa meza, huku mikono iko kwenye unga. Kazi hiyo ilituchukua miaka mitano.

Maneno hayakupangwa kwa alfabeti. Yamepangwa kwa siku yake. La kwanza ni houtskool, mkaa, kwa sababu siku inaanza kwa kuwasha jiko. Linafuata la kiberiti, kisha birika, kisha chai, mpaka jioni kwenye neno la mwisho, vuilnisbak, pipa la taka. Maneno ya wauguzi yalipokuja aliyaingiza humo humo. Kipimo cha presha, bloeddrukmeter, akakiweka jirani na mizani ya jikoni. Dawa ya maumivu akaiweka karibu na chai, maana ndivyo watu wanavyoimeza. Jeraha la moto, brandwond, akaliweka chini ya mafuta ya kukaangia. Nilimshauri tufuate alfabeti kama vitabu vingine, akanitazama kama mtu aliyeweka sukari kwenye dagaa.

"Samwel, mtu akiungua hatafutagi herufi," alisema. "Anaangaliaga kilichomuunguza."

Kitabu kilitoka mwaka 2019, nakala mia tano, jalada la bluu. Chini ya jina la kitabu kumeandikwa: Wenceslaus Maige, Mkuu wa Kituo. Ndani, kwenye ukurasa wa shukrani, mstari wa mwisho kabisa, mwandishi huyo anamshukuru "mpishi wetu wa zamani kwa moyo wake wa kujitolea". Wa zamani! Siku vitabu vilipofika Mama Pelagia alikuwa amempikia Mkuu makande, naye akayala.

Ukurasa ule wa jina niliupiga mimi. Nataka hilo lisomwe taratibu. Mkuu aliniletea kikaratasi chenye jina lake, nikauliza mara moja tu kama kitabu si cha Mama Pelagia. Akajibu kitabu ni cha Kituo na Kituo kina mkuu. Nikakaa, nikapiga. Sikulazimishwa kwa lolote zaidi ya sauti ya mkubwa, na vidole vyangu vilifanya kazi vizuri kama siku zote. Nimekuwa nikijiambia kwamba nilikuwa na watoto shuleni na sikutaka ugomvi. Ni sababu, lakini ni sababu ya mtu mwoga.

Mwalimu Pelagia alikitazama kile kitabu, akakifunga, akakiondoa kwenye meza yenye unga. Alivua aproni, akaenda ofisini kwa Mkuu. Alirudi baada ya dakika kumi, akavaa aproni. Nilimuuliza imekuwaje.

"Ameniuliza cheti," alisema. "Nimemwambia cheti sina, madaftari ninayo. Akasema, mama, kitabu chenye jina la mpishi nani atakiheshimu?"

Tangu siku hiyo hakukifungua kitabu kile darasani hata mara moja. Alifundisha kutoka kwenye kaunta buku zake zilizochakaa, huku nakala mpya zimepangwa kabatini nyuma ya kiti chake. Sisi watumishi tuliona. Tulinong'ona kwenye chai ya saa nne, tukamwonea huruma kwa sauti ya chini, tukarudi kwenye kazi zetu. Huruma ya namna ile haina faida kwa mtu.

Mwaka 2022 watahini watatu kutoka Uholanzi walikuja Musoma kutazama namna tunavyofundisha, na Mkuu akakodi ukumbi akionyeshe kitabu. Mimi nilikwenda na maboksi ya nakala, Mwalimu Pelagia akapelekwa kupika. Mkuu alizungumza vizuri, ana sauti nzuri, sitamnyima hilo. Akaeleza miaka yake ya utafiti. Ndipo mtahini mmoja, mama mfupi mwenye miwani, akaomba kwa Kiswahili chake cha kujifunza aonyeshwe jeraha la moto limekatwa wapi na limekazwa wapi.

Mkuu akafungua mwanzo kutafuta herufi B. Akakuta mkaa. Akafungua mbele kidogo, akakuta birika. Akaenda katikati, akakuta vitunguu, akarudi nyuma, akakuta kijiko cha mbao. Akasema labda wachapaji walikosea kupanga kurasa, akanitazama mimi. Mtu aliyeandika kitabu kwa miaka mingi alikuwa anakipekua kama anayetafuta kituo kwenye redio ya jirani, na bado neno halikuonekana.

Nilikwenda jikoni nikamwita. Hilo moja nilifanya. Mwalimu Pelagia alikuja akijifuta mikono, akakichukua kitabu alichokuwa hakishiki, akafungua moja kwa moja kwenye mafuta ya kukaangia, akaweka kidole. Kisha akatamka lile neno, mkazo mahali pake. Mama mwenye miwani akacheka kwa furaha, akasema kwamba muuguzi angelitafuta hapo hapo. Akauliza huyu ni nani.

"Huyu ni mpishi wetu," Mkuu alisema. "Anakipendaga sana kitabu changu, anakisomaga jikoni mpaka amekikariri."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Pelagia akasema samaki wanaungua, akatoka. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwa Mkuu, na kaunta buku mbili zenye mwandiko wake zilikuwa ndani ya mkoba wangu begani. Ningezitoa nikaziweka mezani, mambo yangeishia hapo. Sikuzitoa. Nilipiga makofi na wengine, na tangu siku ile sijapata kujipenda nikikumbuka Musoma.

Mwezi Machi mwaka huu Mkuu aliagiza toleo la pili. Kitabu kimependwa, kitakwenda kwenye vyuo vya uuguzi vya mikoa mingine. Aliniita akanipa agizo moja kubwa: kipangwe chote kwa alfabeti. Hataki tena kuaibishwa ukumbini. Mkaa ukakae kwenye H, jeraha la moto likakae kwenye B, na kipimo cha presha kiondolewe karibu na mizani. Jina la jalada libaki lilivyo. Shukrani kwa mpishi zifutwe, maana mpishi mwenyewe anastaafu.

Nilitoka ofisini kwake nimejaa hasira, mimi ambaye wanangu wananiita barafu. Jina alishalichukua. Sasa alikuwa anataka kuuchukua na mwendo wa siku ya yule mama, kuanzia jiko lake hadi pipa lake la taka, ili kitabu kisibaki na alama yoyote ya mkono uliokitunga. Baada ya hapo mtu yeyote angeweza kuwa mwandishi wake. Hata Mkuu mwenyewe.

Basi, Mkuu, najua unasoma hapa sasa hivi, na huenda umesimama. Jumatatu iliyopita nilipeleka toleo la pili kwa mchapaji. Limepangwa kama Mwalimu Pelagia alivyolipanga, kutoka mkaa hadi pipa la taka. Jalada linasomeka: Pelagia Mugeta, Mwalimu wa Kiholanzi, Kituo cha Lugha Ghalani. Kaunta buku kumi na moja nimezipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala za picha hizo ziko kwa Debora, Buhemba, na kwa yule mama mwenye miwani, ambaye amenijibu kwamba alikuwa na mashaka tangu siku ile ya Musoma. Ukitaka barua yangu ya kujieleza, ni hii unayoisoma. Sina nyingine.

Nilidhani hapo nimemaliza, na nitakuwa mwongo nikiuacha wasifu huu uishe na ushujaa wangu. Jumapili kabla ya hapo nilimfuata Mwalimu Pelagia hadi Makoko, Musoma, anakojenga nyumba ndogo karibu na ziwa na anakomalizia likizo yake. Nilimkuta anaanika dagaa. Nilimpa karatasi ya jalada lenye jina lake, nikasimama pembeni nikingoja kushukuriwa. Ndiyo, nilingoja kushukuriwa.

Aliisoma kwa muda mrefu. Akasahihisha nukta moja kwenye mfano wa ukurasa wa kwanza, akanirudishia.

"Liende hivyo," alisema. Halafu akaniuliza, bila kupandisha sauti, "Samwel, mdogo wangu, wewe ulijuaga. Kila Alhamisi ulikuwaga unakuja jikoni kuniuliza. Miaka sita hii ulikuwa wapi?"

Nikaanza kusema habari za watoto na shule. Akanikatisha kwa mkono.

"Na vile mia tano vya kwanza nani atavirudisha? Vimeshakwenda. Kuna wasichana nimewafundisha mimi mwenyewe, wako huko Uholanzi, wanakifunguaga wanasoma jina la Maige. Wanajua maneno ni yake, mimi niliyakaririga tu."

Aligeuka akaendelea na dagaa wake, nami nikamsaidia kuwatandaza mpaka jua likashuka. Aliponisindikiza aliniambia atakuja kwenye sherehe kwa ajili ya wanafunzi wake, na kwamba saa ya ukutani tuliyomnunulia kama zawadi ya kustaafu tubaki nayo.

Kwa hiyo leo mchana, mshereheshaji atakapomwita "mpishi wetu mpendwa" kama ratiba rasmi inavyosema, msipige makofi. Aliwapikia Waholanzi na kuwapikia ninyi kwa miaka thelathini na minne, na alipika vizuri, wala si aibu. Lakini kazi iliyopelekea wauguzi mia mbili na zaidi kuvuka mtihani ina jina jingine, na aitwe kwa jina hilo na Mkuu, na yeye asipotaka, nitamwita mimi.

Mwalimu Pelagia Mugeta, sisi watumishi wa Ghalani tunakushukuru kwa kuku, kwa kinu, kwa wakorofi sitini na watatu, na kwa kila asubuhi uliyoingia darasani ukijua tunachojua na tunachonyamazia. Tunakuombea afya, nyumba imara ya Makoko, na miaka mingi ya kupikiwa na wengine. Usitusamehe haraka.